Kuku wa Darla

Nadine Hrabik hakuwa mtu wa kusahau. Kusamehe alisamehe, wanaomjua watakuambia, lakini sharti umwombe, tena umwombe mbele ya watu wale wale uliomvunjia heshima mbele yao. Darla hakuomba. Mwaka mzima alikuja Jumapili kula kwenye meza ya Nadine, akasifu viazi, akaomba aongezewe mchuzi, akamwita "wifi yangu kipenzi" mdomo umejaa, na neno la samahani halikumponyoka hata kwa bahati mbaya. Nadine akawa anampakulia na kumtazama anavyotafuna.

Darla ni dada wa mumewe. Wenye mawifi wameshaelewa, na wasio nao washukuru Mungu.

Kisa chenyewe kilianzia Halowini ya mwaka wa nyuma. Huko Dunmoor, jimbo la Ohio, watu hudai Halowini ni sikukuu ya watoto. Uongo mtupu. Watoto ni kisingizio. Sikukuu ni ya kina mama wenye mikasi. Jumamosi inayotangulia siku yenyewe, mchana, mji mzima hujaa katika ukumbi wa zimamoto, magari makubwa mekundu yametolewa nje ili watu wapate nafasi, na kila familia hupanda jukwaani imevaa mavazi ya kujigeuza yenye wazo moja. Familia nzima, kuanzia baba hadi mbwa. Ukiwa na bibi wa kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu, naye umvishe. Na kila kitu kiwe kimetengenezwa nyumbani kwa mkono wako. Atakayethubutu kuleta vazi la dukani atazomewa mpaka ashuke mwenyewe. Mkuu wa zimamoto hunyoosha mkono juu ya vichwa vya familia moja baada ya nyingine, watu hupiga makofi, na wenye makofi mazito kuliko wote huondoka na boga la dhahabu. Boga lenyewe ni boga tu, limepakwa rangi. Huoza kabla ya Krismasi. Chuki zake ndizo haziozi.

Nadine alikuwa na mkono, hilo halina ubishi. Alifanya kazi kwenye duka kubwa la vyakula, upande wa nyama, na jioni alirudi nyumbani na maboksi ambayo wenzake walikuwa wanayatupa. Maboksi hayo, na gundi ya moto, na mashuka makuukuu, ndiyo yaliyomjengea jina. Mwaka mmoja familia yake ilikuwa kamba ya kuanikia nguo: yeye na mumewe Rudy nguzo mbili, binti yao Tess soksi iliyobanwa katikati. Mwaka mwingine Rudy alikuwa friji yenye mlango unaofunguka tumboni, na ndani yake Wesley, mtoto wao wa kiume, wakati huo bado mchanga, ametulia kama kabichi, amevaa kabichi. Mkuu wa zimamoto alicheka mpaka akakalishwa kitini. Mwaka walipokuwa kalamu za rangi, Tess alilala na kalamu yake, akaamka nayo, akaenda nayo shule, na mwalimu alipomwambia aivue akajibu, "Siwezi, mama yangu ndiye aliyenitengeneza." Maneno hayo Nadine aliyaweka moyoni kuliko maboga yote.

Sasa, kule kwao, kushona hata mashine inashona. Wazo ndilo mali. Wazo la Halowini mtu hulificha hata kwa watoto wake mwenyewe, kwa sababu mtoto hana siri mbele ya pipi. Mwaka ule Nadine alikuwa na wazo la kifungua kinywa: Tess yai, Wesley kipande cha mkate, Rudy birika la kahawa, yeye kikaango, na mbwa wao mwenye mwili mrefu na miguu ya kuazima awe soseji. Hakumwambia mtu. Ila kwa ajili ya kiini cha yai alihitaji pazia la manjano, na pazia la manjano alikuwa nalo mama mkwe wake, Bibi Irma, na Bibi Irma hatoi kitu bila kuuliza ni cha nini. Nadine akamwambia. Ndipo alipoteleza. Bibi Irma hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo usio na kitasa, basi.

Siku ilipofika, Darla akaitwa mapema. Akapanda na mumewe Kent na mabinti zake pacha, na wote ni kifungua kinywa. Mayai, mkate, birika la kahawa linalotoa moshi wa kweli. Vitambaa vipya, sponji nene, ushonaji wa mtu asiyebana matumizi. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Nadine alikuwa nyuma ya pazia na kikaango chake cha boksi. Kushuka ni aibu, kupanda ni aibu; jina lake likaitwa, akapanda. Kwanza kicheko, halafu sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Mwigaji!" Wengine wakadaka.

Darla, mwenye roho ya huruma, akachukua kipaza sauti. "Jamani, msimcheke wifi yangu," akasema. "Kila mtu hujifunza kwa mwenzake."

Nadine angeweza kuyameza hayo yote. Kilichomkwama kooni ni yale ya njiani kurudi nyumbani, Tess akiwa kiti cha nyuma, yai lake amelikunja mapajani.

"Mama, kwa nini ulimwiga shangazi?"

"Sikumwiga. Yeye ndiye aliyeniibia."

"Shangazi alinionyesha michoro yake. Ameandika juu tarehe za mwezi wa nane."

"Hata mimi naweza kuandika mwezi wa nane, Tess."

"Lakini wewe huna michoro." Mtoto akasema polepole, kama mtu mzima anayemhurumia mtu mzima mwenzake, "Si vibaya kushindwa, mama. Vibaya ni kuiba halafu kumsingizia mwenzako."

Kutoka siku hiyo Tess hakugusa tena chochote alichoshona mama yake. Alitimiza miaka kumi na miwili akavaa sweta la dukani alilopewa na shangazi yake, na lile ambalo Nadine alimfumia likabaki kwenye karatasi yake ya zawadi. Rudy akasema, "Yamekwisha hayo, mke wangu." Rudy alikuwa mtu wa amani, yaani mwoga.

"Yamekwisha kwako," Nadine akamjibu. "Wewe mwanao hakuiti mwizi."

Kwa nini asimkabili Darla uso kwa uso? Watu wengi wangeuliza hivyo, na mimi nawauliza: mmewahi kumkabili Darla? Ni mtu ambaye hata takataka huzitoa nje akiwa amepaka rangi mdomoni. Ungemkabili, angelia, machozi mazuri yasiyoharibu wanja, na kufikia jioni ungekuwa wewe ndiye unayemwomba radhi. La. Dawa ya moto ni moto. Nadine alitaka Darla aaibike pale pale jukwaani, mtoto wake akitazama kwa macho yake. Alilitaka hilo asubuhi akikata nyama na alilitaka jioni akiosha vyombo, na kadiri alivyolitaka ndivyo alivyozidi kuwa mpole, mpaka Rudy akaanza kuogopa.

Mwezi wa tisa akamwalika Bibi Irma kunywa kahawa. Mezani alikuwa ametandaza magazeti, juu yake gunia la manyoya, glavu za manjano za kuoshea vyombo, na kitambaa chekundu kilichokatwa mfano wa kishungi cha kichwani mwa kuku. Bibi Irma hata koti hakuvua.

"Manyoya yote haya ya nini, mwanangu? Unajaza mto?"

"Mama, usiniulize."

"Nimeshauliza."

"Ukijua utasema."

"Mimi?" Bibi Irma akajishika kifua. "Nimebeba siri za watu waliokwisha kufa, wakazikwa nazo wametulia."

"Na ya mwaka jana je?"

"Ya mwaka jana sikusema kitu. Wewe na Darla mliwaza mamoja. Ni damu hiyo."

"Mimi na Darla hatuna damu moja, mama."

"Basi ni chakula. Mnakula pamoja kila Jumapili." Akavuta kiti, akakaa, macho kwenye kishungi. "Ni jogoo huyo?"

Nadine akahema kama mtu aliyeshindwa. "Banda la kuku. Rudy jogoo, mimi tetea, watoto vifaranga. Naapa, mama, ukimwambia mtu safari hii sitakusemesha tena."

"Mdomo wangu umeshonwa," akasema Bibi Irma. Uzi wenyewe haukufika jioni. Kabla ya wiki kwisha Rudy alirudi kutoka kwa dada yake alikokwenda kurekebisha bomba, na kwenye sweta lake, mgongoni, kulikuwa na unyoya mweupe. Nadine akauchomoa, akautazama kwenye mwanga wa dirisha, akacheka peke yake. Rudy akamuuliza anacheka nini, akamwambia, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," na Rudy akaona heri aende akaoge.

Kuku hakuwahi kumshona hata mmoja. Siku zake za mapumziko alikwenda kwa mwenzake wa kazini aliyekuwa na gereji tupu, na humo akashona mbweha. Mablanketi ya rangi ya machungwa kutoka duka la mitumba, pua ndefu za boksi, masikio yaliyosimamishwa kwa waya, na mikia aliyoikata kwenye koti la manyoya lililoliwa na nondo. Mbwa hakuhitaji mengi, alikuwa mwekundu tayari. Alimshonea kijimfuko cheupe cha ncha ya mkia. Vidole viliungua kwa gundi. Kila alipoungua alitaja jina la wifi yake, na hakulitaja kwa dua njema.

Asubuhi ya Jumamosi yenyewe ndipo alipowatandikia mavazi kitandani. Wesley akajitosa ndani ya mbweha wake na kuanza kubweka pamoja na mbwa. Rudy akavaa bila maswali. Tess akasimama mlangoni.

"Mimi sivai."

"Ni familia nzima, Tess. Ndiyo sheria."

"Shangazi naye atakuwa mbweha?"

"Hapana."

"Akiwa mbweha," akasema Tess, "au akiwa kitu chochote kinachofanana na hiki, nitalivua pale pale mbele ya watu, na sitavaa tena kazi ya mkono wako maisha yangu yote."

Nadine akapiga magoti mbele yake, akamvisha mkono mmoja, kichwa ameinamisha ili mtoto asiuone uso wake. "Shangazi yako atakuja na kuku," akasema.

"Umejuaje?"

"Nilimdanganya bibi yako kwamba sisi tutakuwa kuku. Nilimwambia yeye peke yake. Sasa nenda ukaone kama nasema uongo."

Tess aliinua mkono mwingine mwenyewe ili uvishwe. Nadine akajiona ameshinda nusu.

Baridi ya mwisho wa mwezi wa kumi kule haina adabu, na milango ya ukumbi wa zimamoto huachwa wazi. Aibu kubwa ya Dunmoor ni kuvaa koti juu ya vazi la Halowini. Kwa hiyo kila mtu huvaa joto lake chini, nguo za ndani za sufu zisizotakiwa kuonekana na mtu, halafu juu ndiyo anakuwa malkia au karoti. Nadine alikuwa amejiandikisha wa mwisho makusudi. Wanaomaliza hawashuki, husogea pembeni mwa jukwaa kungoja hukumu, na yeye alitaka Darla awe amesimama hapo, hana pa kukimbilia.

Akasimama na familia yake nyuma ya pazia, akamshika Tess bega. Mkuu wa zimamoto, Bwana Lyle, akaita jina la Darla.

Kuku wakapanda. Na lazima niseme kweli ingawa inauma: walikuwa kuku wazuri. Kent jogoo mwenye kifua mbele, mapacha vifaranga, na Darla tetea mweupe kuanzia shingoni hadi miguuni, unyoya juu ya unyoya, soksi za manjano, kishungi chekundu. Alizunguka, akataga yai la sponji, ukumbi ukashangilia. Kisha akageuka kutazama pazia kwa tabasamu lile lile la mwaka jana, akisubiri kuku wa maboksi watoke.

Tess alichungulia. Akamtazama mama yake. "Kuku," akasema kwa mnong'ono.

"Nilikwambia."

"Kwa hiyo mwaka jana..."

"Ngoja," akasema Nadine. Moyo ulimdunda kwa furaha chungu, ya kutamani kuuma. "Bado."

Wakaitwa. Wakatoka mbio wakiwa wameinama, pua chini, mikia juu, Wesley mbele, mbwa nyuma yake, mpaka katikati ya jukwaa, kisha wote kwa pamoja wakageuza pua kuwaelekea kuku. Darla alipauka. Mdomo ulifunguka, mkono ukaenda kwenye kishungi. Alielewa. Nadine alimwona akielewa, na ule muda mfupi ulikuwa mtamu kuliko chochote alichokula mwaka mzima.

Lakini watu wa Dunmoor wamezoea kupima kitu kimoja tu: wazo moja, familia moja. Waliona kuku. Waliona mbweha. Waliona kina Hrabik wote jukwaani, kaka na dada, mawifi waliogombana mwaka jana, mabinamu. Bwana Lyle akarusha mikono juu.

"Jamani! Ukoo mzima! Wameunganisha!"

Ukumbi ukasimama. Hakujawahi kupigwa makofi kama yale. Bibi Irma, mstari wa mbele, alitoa leso akalia waziwazi. "Wanangu wamepatana," akawaambia waliomzunguka. "Oneni, wanangu wamepatana." Na Bwana Lyle akachukua boga la dhahabu, akaja nalo katikati, akaliweka kati ya Darla na Nadine.

Nadine akalitazama boga. Alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa kupendwa.

Darla ndiye aliyezinduka kwanza. Huyo huwezi kumwacha peke yake na kipaza sauti. Akakidaka, rangi imemrudi usoni, akamkumbatia wifi yake kwa bawa moja.

"Asanteni sana! Tulipanga pamoja tangu kiangazi, mimi na wifi yangu. Tulitaka iwe siri." Akacheka, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Wazo lilikuwa langu, siwezi kukataa, lakini mbweha kashona yeye. Mpigieni makofi kwa mkono wake!"

Wakampigia. Nadine akageuka kumtafuta Tess. Mtoto alikuwa anamtazama, na uso ulikuwa umejifunga tena kama duka.

"Kumbe mlipanga," Tess akasema. "Ndiyo maana ulijua." Akashika pua yake ya boksi, akaanza kuivuta kutoka kichwani.

 Nadine hakufikiri. Alinyoosha mkono, akachukua kipaza sauti kutoka kwa wifi yake, kwa upole, kama anayepokea sahani.

"Ni kweli," akasema, na sauti yake ikajaa ukumbi. "Tulipanga. Ila kipande cha mwisho hatujawaonyesha. Au siyo, wifi?"

Darla akatabasamu kwa meno. "Kipande gani?"

"Mbweha akimpata kuku hufanya nini?" Nadine akawauliza watu.

"Anamla!" wakapaza watoto wote.

"Kwanza anamnyonyoa," akasema Nadine.

Akashika unyoya wa bega, akaung'oa. Ukumbi ukaangua kicheko. Akang'oa mwingine. Darla akarudi hatua, lakini Rudy, yule mtu wa amani, alikuwa nyuma yake na mkia wake mkubwa, na kwa mara ya kwanza maishani Rudy hakusogea.

"Wifi, unafanya nini?" Darla akanong'ona, midomo haitikisiki. "Watu wanatazama."

"Watazame. Si tulipanga?" Akang'oa konzi nzima. Gundi ikaachia, kipande cha wavu kikachanika, manyoya yakaruka, mbwa akaanza kuyakimbiza. Watu walikuwa wanapiga miguu sakafuni. "Cheka, wifi. Usipocheka watajua hatukupanga."

Darla akacheka. Sijawahi kuona kicheko cha namna ile. Nadine aliendelea, bega la kushoto, kifua, kiuno, hana haraka, kama anayeandaa kuku wa Jumapili, na kila alipong'oa alisema moyoni: huu wa "mwigaji," huu wa michoro, huu wa sweta. Chini ya manyoya ikaanza kuonekana nguo ya ndani ya sufu, kuukuu, ya Kent, imefifia, ina viraka viwikoni na kulungu wa Krismasi kifuani. Darla aliyetoa takataka akiwa na rangi mdomoni! Wanawake wa mstari wa pili walikuwa wanashikana ili wasianguke.

"Basi," akasema Darla. Safari hii hakunong'ona vizuri. "Nadine, basi. Unataka nini?"

"Unajua."

"Siwezi. Hapa? Mbele ya watu?"

"Mimi ulinifanyia wapi?"

"Nitakuja nyumbani. Jumapili. Nitakuomba radhi mbele ya Rudy, mbele ya mama..."

Nadine akashika kishungi. Darla akakishika naye kwa mikono miwili, na mbweha na kuku wakavutana pale katikati ya jukwaa, kipaza sauti kikiwa kimebanwa kati yao.

"Kilikuwa chake!" Darla akapiga kelele, na kelele ikatoka kwenye spika zote. "Kifungua kinywa cha mwaka jana kilikuwa chake! Mama aliniambia, nikamwibia! Na michoro niliichora baadaye! Haya, umeridhika? Niachie kichwa changu!"

Ukumbi ulivunjika. Walidhani ni sehemu ya mchezo, na walidhani ni sehemu bora kuliko zote. Bwana Lyle alikuwa anafuta machozi kwa kofia yake. Bibi Irma alicheka kuliko wote, kisha akaacha ghafla, akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho hakikuwamo. Mtu nyuma akapaza, "Mwaka ujao wapewe jukwaa lao wenyewe!" Nadine akasikia makofi hayo na hayakumgusa. Alikuwa amesikia aliyotaka, na hakuna aliyeamini, na yeye mwenyewe, kishungi cha wifi yake mkononi, hakujua ageukie wapi.

Akageukia alikokuwa Tess.

Tess hakucheka. Alikuwa amesimama na pua ya boksi mkononi, akimkazia macho shangazi yake, na Darla, ambaye angeweza kumdanganya mtu mzima yeyote mle ndani, aliyakwepa macho ya mtoto. Hilo lilitosha. Tess akaivaa tena pua yake, akaibana vizuri nyuma ya masikio. Akapita mbele ya baba yake, akamzunguka shangazi yake mpaka nyuma, akapekua manyoya machache yaliyobaki, akachagua unyoya mrefu wa mkiani. Akaung'oa kwa mikono miwili, akaja akampa mama yake.